Bunduki Iliyochaguliwa Ili Nyati Asife Upesi

Wakuu, amani iwe nanyi.

Kosa ninaloliweka mezani leo ni ukaidi unaovaa kanzu ya uchaji. Humpata mtu aliyeacha kuuliza kwa kuwa anaamini nia yake njema imekwisha kumjibu.

Nitakayoeleza niliyaona kwa macho yangu. Sitaongeza chumvi, yana uchungu wa kutosha.

Bakari ni mtu wa Tanga, mwenye bucha ya nyama ya halali hapa Auburn, Sydney. Wakati wa lockdown ile ndefu, sisi wa magharibi mwa Sydney tulipofungiwa kwa masharti makali kuliko wenzetu wanaokaa karibu na bahari, baba yake alifariki kwa homa ile huko nyumbani.

Kusafiri kulikuwa hakuwezekani. Maziko aliyatazama kwenye simu, amesimama nyuma ya bucha na aproni yake, na mtandao ukakatika kabla kaburi halijafukiwa.

Marehemu alikuwa mwindaji mwenye leseni. Bakari akaweka nadhiri kwamba hitma ya baba yake italiwa kwa nyama ya nyati atakayemwinda mwenyewe. Kaskazini ya nchi hii wapo nyati wa mwituni, na mfugaji mmoja anayemuuzia ng'ombe alimkaribisha shambani kwake mara mipaka ya majimbo itakapofunguliwa.

Nadhiri sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni bunduki.

Yule mfugaji alimwambia waziwazi kwenye simu asije na chochote kilicho chini ya .375, yaani risasi nzito ya kumwangusha mnyama anayeweza kukugeukia. Bakari akajibu "yes mate", kisha akanunua .308, bunduki nzuri ya bolt kwa kuwindia paa na kulungu.

Nilimuuliza sababu. Jibu lake sijalisahau.

"Maalim, ile kubwa itamuua kabla kisu changu hakijamfikia. Unataka niwalishe watu mzoga kwenye hitma ya baba?"

Naomba msome tena, wakuu. Alichagua bunduki ndogo kusudi nyati asife upesi.

Nikamwambia wanavyuoni wengi wanasema mawindo yaliyopigwa kwa kutajiwa jina la Mungu, yakafa kabla hujayafikia, ni halali. Akacheka. Akasema mimi nimesoma, yeye amechinja.

Shemeji yake, Idi, aliyemuoa dada yake Bakari na anayefanya kazi kwenye ghala moja Seven Hills, akatia mzaha wake: "Mwache shemeji, Maalim. Nyati akisikia bismillahi ya mtu wa Tanga atalala mwenyewe na kuelekea kibla."

Tulicheka sote. Idi alikuwa mtu wa kuchekesha.

Viwanja vya shabaha vilipofunguliwa tukaenda kuijaribu. Nasi tulikiita kile tulichokifanya majaribio! Bakari alikaa kwenye kiti, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga, akitia risasi moja moja kwa mkono na kunywa chai kati ya mlio na mlio. Matundu kwenye karatasi yalikaribiana mno, tukapongezana. Hakuna aliyepakia magazini, kile kisanduku cha risasi. Hakuna aliyesimama. Idi, ambaye naye ana leseni, hakuishika kabisa.

Kwa wasiojua, bunduki ya bolt haijipakii. Ukishapiga, unauinua mkono wa bolt, unauvuta nyuma mpaka mwisho ili ganda litoke, unausukuma mbele ili risasi mpya iingie, unaushusha. Ukiuvuta nusu kwa haraka au woga, unafunga chumba cha risasi kikiwa kitupu, nawe hujui.

Mipaka ikafunguliwa, tukaenda.

Mfugaji alipoiona ile bunduki alikunja uso, akasema angebaki nyuma yetu na yake. Bakari alimpiga nyati dume aliyekuwa kando ya dimbwi. Akaanguka. Badala ya kuongeza risasi, Bakari akampa Idi bunduki, akachomoa kisu na kukimbia akitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti. Mwili wake ukaingia katikati ya mfugaji na shabaha yake.

Nyati aliinuka.

Bakari aliruka kando. Idi, aliyekuwa amemfuata shemeji yake, akauvuta mkono wa bolt kwa pupa, akausukuma, akaminya kifyatulio. Kikalia "tk". Alikuwa ameuvuta nusu.

Sitaeleza zaidi ya hapa. Mfugaji alipopata nafasi alimuua mnyama kwa risasi moja, lakini Idi alikuwa chini yake. Nyonga ilisagika. Ndege ya madaktari ilikuja kumchukua, na hadi leo anatembea kwa magongo mawili. Kazi ya ghala imekwisha. Mizaha nayo imekwisha.

Nyama yote Bakari aliiacha porini, kwa kuwa kisu hakikupita.

Mtadhani alijifunza. Miezi ikapita, akaanza kupanga safari nyingine na bunduki ileile. Alisema nadhiri bado iko shingoni mwake na mara hii atakuwa mwepesi zaidi. Nilimkemea kwa maneno makali, akaendelea na mipango yake. Nilielewa kuwa sasa nitazika mtu.

Siku moja nikiwa dukani kwake, mama yake akapiga simu kutoka Tanga. Bakari alikuwa anakata nyama, akaiweka kwenye spika. Mama aliulizia hali ya mkwewe, kisha akauliza ni kweli mwanawe anarudi huko porini. Bakari akaeleza habari ya kisu na mzoga, kwa heshima, kama mtu anayetoa darasa.

Mama alimwacha amalize.

"Bakari, mie nimekaa na mwindaji tangu ungali tumboni. Baba'ako alisoma bismillahi akipiga. Nyati wengi uliowala ukakua, aliwakuta wamekwisha kufa. Je, alikulisha mzoga?"

Bakari akaweka kisu chini.

"Hukumzika. Najua. Lakini usitake kuwa Muislamu kuliko yeye ili umlipe."

Hapo mtu mzima alilia mbele ya wateja, na barakoa ikamlowa.

Baadaye akaiuza .308 na kuchukua .375 ambayo bolt yake ina ukucha mpana unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Tuliijaribu kama inavyostahili: amesimama, magazini imejaa, akikimbia kwanza mpaka pumzi imkatike, kwa risasi zilezile za safari, bolt ikivutwa hadi mwisho kila mara. Siku ya pili ganda moja liligoma kutoka. Akairudisha kwa fundi, kisha akaanza majaribio upya.

Alirudi kaskazini. Nyati alipigwa akakata roho pale pale, kwa jina la Mungu. Hitma ikasomwa Auburn, nyama tukaila.

Idi hakuja. Alituma salamu kupitia mkewe, na Bakari alikaa karibu na mlango muda wote.

Wakuu, silaha ambayo hujaijaribu katika hali utakayoitumia ni pambo. Na dini ambayo hujaiuliza wajuzi wake huishia kuwa matamanio yako mwenyewe, yenye jina la heshima. Na anayelipa mara nyingi ni yule aliyekufuata kwa kukupenda.

Wawindaji waliomo humu, nielezeni mnavyozipima bunduki zenu kabla ya kuingia porini. Na wajuzi wa fiqhi, nikosoeni nilipoteleza, sitachukia.

Kama leo Bakari yu hai na bado anakata nyama, si kwa hoja zangu. Ni kwa maneno machache ya mama yake mzazi, Bi Mwanakombo.