Tawi la Lori la Mwisho

Barabara ya magogo juu ya Mbale ilipitisha lori moja tu, upande huu mlima, upande ule korongo. Sisi madereva wa miaka ile ya hamsini tulikuwa na sheria yetu: lori la mwisho kushuka na mzigo lilichomekwa tawi bichi juu ya magogo. Waliongoja chini na malori matupu wakiliona tawi, walijua njia ni nyeupe, wakapanda.

Siku ile tulibaki wawili juu, mimi na rafiki yangu wa Budondo. Bomba la rejeta yake lilikuwa limepasuka, naye alikuwa akilifunga kwa vipande vya tyubu. Nikamcheka.

"Lori lako na wewe mmezeeka pamoja. Lala hapa, kesho tutakuletea bomba."

"Wewe enda tu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Lakini tawi usiweke. Mimi nakuja leo leo."

Mawingu yalikuwa yanashuka, na mvua ikinyesha kule udongo huwa sabuni. Nilikuwa na haraka, tena nilikuwa mjuaji. Bomba lile halitafungika, nilijiambia. Nikakata tawi, nikalichomeka.

Chini, Kalasinga mmoja wa Jinja aliliona, akanipungia mkono, akapanda. Nilikuwa nakaza minyororo niliposikia honi, ndefu, kisha magogo yakiporomoka. Walikutana konani. Rafiki yangu aligeuza usukani kuelekea korongoni, Kalasinga akapona.

Msimamizi aliniuliza kwa nini niliweka tawi.

"Aliniambia atalala juu, bwana."

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa pale pale.

Tulimrudisha kwao Budondo. Baada ya maziko mjane wake aliniita pembeni, akataka kujua maneno ya mwisho ya mumewe. Nilikuwa nimekuja na nia ya kusema kweli, Mungu ni shahidi yangu. Nikamtazama usoni, woga ukanishika, nikarudia yale yale: nilimshauri alale, naye akakubali.

Akatikisa kichwa.

"Huyo bwana yangu! Hata siku moja hapana sikia mtu. Kichwa ngumu. Kama alilala, leo iko mzima."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa ushauri wangu. Watoto wake wamekua wakiambiwa kwamba baba yao aliuawa na ubishi.