Mtindi wa Mama Mkwe

Naona aibu mpaka leo kulisimulia hili, na mkicheka chekeni polepole, maana mke wangu yuko chumba cha pili.

Mama mkwe wangu wa Buhongwa ni mtu mzima sana, na mwaka jana kifua kilimlaza hospitali mara mbili, kwa hiyo nesi mmoja aliponiambia kwamba mtindi una bakteria hai ambao huenda wakawasaidia wazee wasishikwe hovyo na maambukizi ya kifua (alisema "huenda", mimi nikabeba "lazima"), nikajaza dumu la mtindi, nikanunua na vidonge vya hao bakteria duka la dawa, nikavipasulia humo vyote, nikaongeza sukari ili wapate kula, nikakaza kifuniko, nikaliacha juani kutwa.

Jumapili nikampelekea, nikakuta wanajumuiya wamejaa uani kwake wakisali. Sasa kwetu Wasukuma humkaribii mama mkwe, unasalimia kwa mbali na kitu unampitishia mkeo, lakini mke wangu alikuwa jikoni na mimi nilitaka sifa, nikaona nimfungulie mwenyewe mbele ya watu.

Nililegeza kifuniko kidogo tu, likalipuka. Mtindi ulimjaa mama usoni, akapaliwa, akakohoa, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamrukia, nikamshika kichwa, nikamfuta kwa leso yangu. Sikujua niombe radhi ya maziwa au ya kumgusa, nikaomba zote pamoja, nadhani nilichanganya na Salamu Maria.

"Baba, umeweka nini humu?" akauliza.

"Bakteria, mama. Wengi."

Wazee wakaguna. Nikaanza kueleza kwamba ni bakteria wazuri, chafya ikanikatiza, nikatoa ile leso nipenge kamasi, na mke wangu, aliyekwisha kutoka jikoni, akaitazama leso, kisha akanitazama mimi. (Nilikuwa na mafua wiki nzima, na leso ilikuwa hiyohiyo.)

Jumatano mama akalazwa tena kwa kifua. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiogopa kweli, maana yule mama nampenda, na daktari alipouliza nani mwenye mafua alimkaribia, ukoo mzima ukanigeukia. Alipona, namshukuru Mungu. Kama mtindi unasaidia, hata sasa sielewi. Ninachokielewa ni leso. Nimeapa, nikipiga chafya hata moja siendi Buhongwa, nampigia simu.

Jana nilimpigia, nikamwamkia shikamoo.

"Subiri kwanza, baba," akasema. "Niisogeze simu mbali kidogo."