Nati Yenye Nukta Nyeupe

Mafundi wenzake walimwita Nukta, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila nati aliyoikaza kwa mara ya mwisho aliipaka tone la rangi nyeupe usoni, kwa njiti ya kiberiti, kutoka kwenye kopo dogo alilolifunga kiunoni. Nati yenye nukta imekwisha. Nati isiyo na nukta, hata mzazi wako akuapie kwamba imekazwa, haijakazwa. Mtindo huo aliupata ujanani kwenye karakana moja ya mabasi, kwa msimamizi mkali aliyewahi kumzika dereva kwa sababu ya gurudumu lililochomoka. Tangu hapo miaka thelathini ilipita, na Nukta alipenda kuwakumbusha watu kwamba hakuna gurudumu alilolishika yeye likatoka. Aliwakumbusha hata wasiouliza.

Jirani yake wa gereji, mama mmoja mtengeneza breki ambaye wote walimwita Mama Breki, hakuikubali nukta hiyo.

"Piga mstari," alimwambia mara nyingi. "Uanzie kwenye nati, uishie kwenye chuma chenyewe. Nati ikisogea, mstari unakatika, unaona. Nukta inakuambia nini?"

"Inaniambia nimekaza."

"Umekaza lini?"

"Akili ni nywele, mama, kila mtu ana zake," Nukta alijibu, akavua kofia kuonyesha upara wake, na gereji nzima ikacheka. Basi mambo yakaishia hapo. Ubishi wa mafundi ndivyo ulivyo: anayechekesha ndiye anayeshinda.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu. Wazazi walipofariki, Nukta ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa spana, akasimama kama baba siku ya harusi yake. Mke aliyeolewa siku hiyo alikuwa mcheshi, hana dogo, na kwa shemeji yake mkubwa ndiyo kabisa, utani haukuisha. Kisha figo zake zikagoma. Tangu hapo maisha yake yakawa ya mashine: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, safari ya saa nzima hadi hospitali kubwa, damu isafishwe, arudishwe nyumbani amechoka. Akikosa siku moja huvimba. Akikosa mbili, daktari alisema wazi, wasije kumuuliza yeye.

Walichokuwa wakikitegemea, baada ya Mungu, ni gari. Lilikuwa gari la juu, la kuvuta kwa miguu yote minne, ambalo mdogo mtu alilinunua enzi mambo yakiwa mazuri. Kwa umri wake, lingekuwa mtoto lingeshamaliza shule. Jumamosi moja, wakirudi kutoka hospitali, difu ya nyuma, lile boksi la gia linalozungusha magurudumu, ikalia, ikasaga, ikakwama. Lilivutwa kwa kamba mpaka gereji. Nukta alipofungua kizibo, oili ilitoka imejaa unga wa chuma, na meno mawili ya gia yakaanguka kwenye beseni.

"Difu nyingine?" mdogo wake aliuliza.

"Ya gari hili? Utaisubiri mpaka mwezi wa ngapi?" Nukta alijifuta mikono. "Sikiliza. Gari hili huvuta kwa mbele, nyuma husaidia tu. Nitautoa mkono wa nyuma wote, livute kwa miguu miwili. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Jumanne azima gari la jirani. Alhamisi utakuwa nalo."

Kutoa ni rahisi, kila mtu anajua kufungua. Mtego uko kwenye kubakiza. Propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, inatoka, difu inatoka, shafti mbili za kuzungusha magurudumu ya nyuma zinakatwa. Lakini kipande cha mwisho cha kila shafti, kile kinachopenya katikati ya gurudumu, lazima kibaki, kwa sababu nati yake kubwa ndiyo inayoibana habu, kitovu cha gurudumu, na beringi zisiachane. Ukikitoa, au nati yake ikiwa legelege, gari litatembea vizuri siku mbili tatu, kisha gurudumu litakuaga. Nukta alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Upande wa kulia haukumsumbua. Alikata shafti, akakaza nati upya, akatia nukta. Upande wa kushoto kipande kilikuwa kimelika nyuzi, hakishiki nati yoyote. Akaenda nyuma ya gereji kwenye mzoga wa gari la aina ile ile, lililogongwa na lori usoni likafia hapo. Lilikuwa la mteja wake wa zamani. Yeye mwenyewe aliwahi kulibadilishia beringi za nyuma miaka sita iliyopita, kabla ya ajali, na alipokuwa akilalia mgongo chini yake alilizungumzisha: "Pole, mzee. Kufa kufaana."

Kwenye mzoga huo alikata kichwa cha propela, akazibia nacho tundu la giaboksi ili oili isimwagike. Kisha akang'oa habu ya kushoto, na kipande chake cha shafti, na nati yake. Nati ilikuwa imezama kwenye tope na kutu, haijulikani ni chuma au udongo. Alivisha spana bomba refu, akaning'inia nalo kwa uzito wake wote, mpaka ikalia na kuachia. Akaitupa kwenye kopo la mafuta ya taa pamoja na vidude vingine, ilowe.

Jumatano mchana kazi ilibaki kidogo. Alishindilia beringi mpya, akaifunga habu kwenye gari la mdogo wake, akapitisha kile kipande katikati, akaiokota nati kwenye mafuta ya taa na kuizungusha kwa vidole mpaka ikagusa. Alikuwa amenyoosha mkono kuchukua spana kubwa, mlango wa bati ukasukumwa. Mdogo wake aliingia akimshika mkewe kiunoni. Jumanne gari la jirani halikupatikana, na shemeji alikuwa amevimba uso, miguu imejaa kwenye ndara, lakini mdomo wake ulikuwa vile vile.

"Shemeji! Nasikia gari letu umelikata miguu miwili. Basi tumelingana, mimi na lenyewe. Mimi nina figo mbili, hata moja haifanyi kazi."

"Nakuja, nimalize nati hii moja."

"Njoo unisalimie kwanza, nati hazikimbii."

Akacheka, akaenda. Angefanya nini? Alimkalisha kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akamletea maji ya kunywa, maji kiasi tu, maana glasi nzima hakuruhusiwa. Walitaniana. Alimwonyesha kile kichwa cha propela kinavyoziba tundu, naye akajifanya anaelewa. Aliporudi kwenye gurudumu la kushoto, nusu saa baadaye, moyo wake ukiwa mwepesi kuliko ulivyokuwa wiki nzima, alichuchumaa akaitazama nati. Kwenye kivuli cha gari, katikati ya uso wake, aliona nukta nyeupe.

Akasema moyoni: hapa nimemaliza. Akavisha gurudumu, akakaza boliti zake tano, moja moja akaitia nukta, akabandika kifuniko cha plastiki katikati, akashusha jeki.

Alhamisi gari lilikwenda likarudi. Jioni mdogo wake alipiga simu kushukuru, na kabla ya kukata akasema, "Ila nyuma kushoto kuna kitu kinagonga gonga. Tik, tik, hivi."

"Kifuniko hicho. Plastiki zile hazikai. Jumapili nipitishie nikiangalie."

Jumapili haikufika kwa wote. Jumamosi asubuhi, njiani kuelekea hospitali, kwenye kipande cha barabara kisicho na nyumba, gurudumu la nyuma kushoto lilichomoka na habu yake. Gari liliyumba, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Mdogo mtu aliumia bega. Mkewe hakupata hata mchubuko. Walikaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne, mume akipunga mkono ule mzima, magari yakipita. Walipofika, mashine ya mkewe ilikuwa ya mtu mwingine, na foleni ya dharura ilikuwa ndefu. Jioni maji yalimjaa kifuani. Jumapili alfajiri alikata roho, amekaa kitako, kwa sababu akilala alikuwa hapumui.

Nukta alizika. Alibeba jeneza mbele kulia, akarudi gereji siku ya tatu, akakaa. Gari lilikuwa bado kule mtaroni na hakutaka kwenda kuliona. Alijiambia ni beringi. Beringi za siku hizi ni za bandia, kila fundi anajua. Alijiambia hivyo asubuhi na jioni, na kazi haikusogea. Mama Breki alimletea chai, akaiweka, akaondoka.

Wiki ya tatu mdogo wake alikuja, bega likiwa limefungwa kitambaa. Alikuwa amekonda. Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza ya spana.

"Kaka, watu wana midomo. Msibani walisema umesahau kukaza nati. Hata mama mkwe alinitazama machoni akaniuliza, huyo kaka yako alikuwa anafanya nini? Nikamwambia kaka yangu hasahau. Jana nikaenda mtaroni mwenyewe. Gurudumu lilikuwa kwenye majani, nikang'oa kifuniko, nikaikuta humo ndani." Akaisukuma mbele. "Tazama. Ina rangi yako. Nimemwonyesha mama mkwe, nimemwapia kwa jina la marehemu kwamba nati hii ilikazwa. Amelia, akasema amekusamehe kwa kukudhania vibaya. Nimekuletea uione, usije ukajilaumu."

Nukta aliishika. Nukta ilikuwepo, usoni, mahali pake. Lakini haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya njano kama jino la mvuta sigara, imepasuka katikati, na kwenye mpasuko huo tope la zamani lilikuwa limeingia. Rangi ya juzi haipasuki hivyo. Hii ilikuwa rangi ya miaka sita, aliyoitia kwa mkono wake kwenye gari lililo nyuma ya gereji, ikafichwa na tope, ikaoshwa na mafuta ya taa na kumngoja.

 Upande wa pili wa ukuta wa bati, grainda ya Mama Breki ilizimwa.

Angeweza kunyamaza. Nasema hivi kwa sababu wako watakaosema wao wasingefikiria jambo hilo hata mara moja, na hao nawaogopa. Nukta alifikiria. Ushahidi aliletewa mkononi, umefungwa kwenye leso, na mtu mwenye haki ya kumlaumu kuliko wote ndiye aliyekuwa amekwenda kumtetea. Ilikuwa ni kusema tu asante, mdogo wangu.

"Rangi hii siyo ya juzi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nati hii niliikaza kwenye ule mzoga pale nyuma, kabla haujawa mzoga. Nukta ni ya wakati huo. Kwenye gari lako niliiweka kwa vidole tu. Sikuirudia na spana. Niliiona nukta, nikadhani nimemaliza."

Mdogo wake alimtazama kama mtu anayehesabu jambo.

"Ulikwenda wapi, mpaka ukadhani?"

 Swali hilo ndilo Nukta alilokuwa akiliogopa, kwa sababu jibu lake lilikuwa sauti ya mtu, naye alikuwa bado anaisikia.

"Aliniita nimsalimie."

Mdogo mtu aliketi kwenye kile kiti cha gari kilichong'olewa, kisha akakumbuka nani alikikalia mwisho, akasimama haraka. Alilia kwa sauti, mchana, mbele ya watu waliokuwa wakipita. Nukta hakuthubutu kumgusa.

"Alhamisi nilikuambia kinagonga," alisema alipoweza kusema.

"Uliniambia."

"Ukasema plastiki."

"Nilisema."

"Nimemwapia yule mama. Kwa jina la mwanawe. Sasa nitarudi nimwambie nini?"

"Hutamwambia wewe. Nitamwambia mimi."

 Mdogo wake aligeuka akatoka, akaiacha nati na leso mezani. Nukta alilifungua kopo la rangi kutoka kiunoni, akaliweka chini. Akaichukua nati, akaifunga kwenye leso vile vile ilivyoletwa, akaurudishia mlango wa bati bila kufunga kufuli, akamfuata. Mama Breki alisimama kwenye mlango wake, mikono imejaa vumbi la breki.

Walitembea hivyo mitaa saba, mmoja mbele, mmoja hatua kumi nyuma. Mdogo mtu hakugeuka, hakusimama kumngoja, wala hakumwambia arudi. Walipofika kwa mama mkwe alipiga hodi. Sauti ya kikongwe ikaitikia ndani, ikauliza ni nani.

"Ni mimi, mama. Nimekuja na kaka."

Kisha akasogea pembeni, akaegemea ukuta kwa lile bega zima, akamwachia Nukta mlango.