Majani ya Mama kwenye Bahari ya Plastiki

Mwalimu wa binti yangu pale Herndon, mji wa Amerika tunakoishi, aliomba kila mzazi alete kitu cha kusaidia igizo. Darasa zima lilikuwa linaigiza jinsi walowezi wa Boston walivyomwaga chai ya Waingereza baharini, wakikataa kutozwa kodi na bunge ambalo hawakuwa na mtu wao ndani. Wazazi wengine walileta maboksi matupu na karatasi za kahawia zilizokatwakatwa. Mimi nina shahada ya historia, na tangu nifike Amerika hakuna aliyewahi kuihitaji. Nikaona karatasi ni dharau kwa mapinduzi. Nikapeleka majani ya kweli.

Yalikuwa ya mama yangu. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kenya, na nusu ya sanduku lake ilikuwa pakiti za chai kutoka kiwanda kinachonunua majani ya shamba lake. Amechuma chai tangu nikiwa mtoto. Ndiyo iliyonisomesha hiyo historia. Sikumwomba. Nilizitoa kabatini asubuhi akiwa anaoga, nikijiambia kwamba chai iliyo nyumbani kwangu ni yangu.

Ukumbini alikaa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani. Binti yangu, kiongozi wa waasi, alipasua pakiti ya kwanza na kuimimina kwenye bwawa la plastiki la kuogea watoto. Wenzake wakafuata, wakishangilia. Maji yakaanza kugeuka rangi.

"Hiyo si yangu?" mama aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Ni mchezo tu, Mama."

"Sijauliza kama ni mchezo."

"Ni yako."

Akatazama kidogo. "Na chai imewakosea nini?"

Nikaanza kumnong'oneza habari za kodi, bunge na mfalme, kama vile ananisahihishia mtihani.

"Basi si wangemmwaga huyo mfalme," akasema.

Pazia lilipofungwa alipiga makofi kuliko mzazi yeyote, na kila kofi nililisikia shavuni. Binti yangu akaja mbio, akamuuliza kwa Kiingereza kama amemwona.

"Nimekuona, mama. Umemwaga vizuri sana."

Nyumbani nilichana vifuko vya chai ya dukani, nikaichemsha na maziwa jinsi anavyoipenda, au karibu na hivyo. Akaonja.

"Ina rangi," akasema. Hakupata sifa nyingine.

"Nisamehe, Mama. Nilidhani ungekataa."

"Kumkatalia mjukuu wangu?" Akaweka kikombe chini. "Ungeniambia, ningekupa zote. Ningekaa pale nikijua nimetoa."

Nikamwongezea sukari, naye akaniacha nimwongezee, ingawa hatumii sukari.