Chembe Tatu Kiganjani

Mimi hununua mbuzi Oldonyiro na kuwauza Isiolo mjini. Kabla ya kutaja bei humfungua mbuzi mdomo nikamtazama meno, na wenzangu sokoni walikuwa wakinicheka kwa hilo, maana magego yangu mwenyewe ya juu yalikuwa yamekwisha yote. Kwenye harusi moja nilichovya mkate kwenye mchuzi huku watu wakitafuna mbavu. Mmoja aliniambia, "Mzee, wewe tukikufungua mdomo, hata bei hatutaji." Nilicheka naye, nikafika nyumbani nimejaa hasira. Binti yangu alikuwa ameposwa, na nilikuwa nimeapa kwamba kwenye harusi yake nitatafuna nyama kama baba wa bibi harusi.

Nikaenda Nairobi kwa daktari wa meno ya kupandikiza. Akanionyesha picha: mfupa wa taya la juu umelika, umebaki mwembamba, na juu yake kuna uwazi wa hewa unaofunguka puani. Angeinua utando wa uwazi huo, ajaze chembe za mfupa chini yake, tungoje miezi kadhaa zishikane, ndipo afunge skrubu za meno.

Nikamuuliza mfupa wa mnyama gani. Hapo tulizozana. Sikukubali kulala kwenye kile kiti mpaka alete kichupa chenyewe na kunisomea maandishi.

"Hii ni ya ng'ombe, mzee. Nguruwe hakuna hapa."

Nilirudi Isiolo shavu limevimba, najiona shujaa wa dini. Nilikuwa na karatasi ya masharti: usipenge kamasi, usinywe kwa mrija, ukipiga chafya fungua mdomo. Mke wangu alinisomea kila asubuhi, na ni shahidi kwamba sikupenga kamasi hata mara moja.

Lakini nilitawadha. Siku ya nne, adhuhuri, nilikuwa bombani msikitini. Nikavuta maji puani, nikayatoa kwa nguvu kama nilivyofundishwa utotoni, na kwenye kiganja cha kushoto zikabaki chembe tatu nyeupe na damu kidogo. Nikadhani ni mchanga wa njiani. Nikavuta maji tena, kwa nguvu zaidi, ili pua isafike.

Imamu alikuwa kwenye bomba la pili, akaiona damu. Nilipomweleza nilichofanyiwa, alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma.

"Si ungeniuliza? Maji ya pua ni sunna. Mgonjwa anaacha, na udhu wake uko sawa."

Nilimkasirikia, ingawa hakuwa na kosa. Nilijikasirikia zaidi. Nilikuwa nimegombania ng'ombe na nguruwe kama wakili, na swali moja dogo la msikitini sikuuliza.

Nairobi daktari alipiga picha nyingine. Utando ulikuwa umepasuka na mfupa mwingi haupo.

"Mzee, si nilikuambia usipenge kamasi?"

"Sikupenga. Nilitawadha."

"Sasa kutawadha na pua zinahusiana aje?"

Niliondoka kwenye kiti, nikaenda kwenye sinki lake, nikakunja mikono ya shati. Nikaosha viganja, nikasukutua, na maji ya pua nikayaonyesha kwa ishara tu. Nikamwambia ni mara tatu kila udhu, na swala ni tano kwa siku. Nikamuuliza ni Waislamu wangapi amewapa karatasi ile.

Alichukua kalamu, akaongeza mstari chini ya masharti, akanipa nisome. Ulikuwa umeandikwa vizuri. Nilitaka kuichana karatasi hiyo mbele yake.

Alisema kidonda kipone kwanza, ndipo aanze upya. Nikahesabu miezi mlemle ndani. Binti yangu anaolewa baada ya Ramadhani, wageni wanatoka hadi Kinna, na mbuzi wa harusi nimewachagua mwenyewe, kwa meno yao. Siku hiyo nitakaa mbele ya watu wote, nichovye mkate.