Dawa Niliyotia Kisimani

Mama yangu hanywi maji ya pampu. Anasema yana ladha ya msumari. Maji yaliyochemshwa nayo anasema yamekufa. Tangu alipoolewa hapa Kiyeyi amekunywa maji ya kisima alichochimba baba nyuma ya nyumba, na baba alipofariki aliyang'ang'ania maji hayo kana kwamba ndiyo sehemu ya mumewe iliyobaki.

Kwa hiyo alipolazwa kwa taifodi mara ya pili, nilijua pa kuangalia. Ukuta wa mdomo wa kisima ulikuwa umepasuka upande wa banda la mbuzi. Mvua ikinyesha, maji yanapita bandani, yanaingia kwenye ufa, yanashuka. Muuguzi wa kituo cha afya aliniita pembeni. "Mwili wake umechoka," alisema. "Akipata hii tena, msimlete kwangu mkitegemea muujiza. Tengenezeni kisima." Kisha akaniandikia kwenye kipande cha boksi mambo yote ya kufanya, kwa sababu, alisema, mafundi wengi hutengeneza kisima na kukichafua siku ileile.

Nilikuwa nimekuja kwa siku tano tu. Mimi ni mtu wa barabara. Nilipomaliza senior four, kidato cha nne, nilivuka mpaka pale Busia kwenda kutafuta kazi ya wiki mbili, na tangu hapo nimepika katika vibanda na kambi za madereva kutoka Mariakani hadi Juba. Nikiwa huko naota nyumbani: moshi wa jikoni kwa mama, mwamba wa Tororo ukichomoza asubuhi, sura yangu ndogo ikitikisika chini kabisa ya kisima baba akiwa amenishika gauni kwa nyuma. Nikifika nyumbani, siku ya tatu miguu inaanza kuwasha. Safari hii dereva mmoja niliyezoeana naye alikuwa akipakia mzigo Malaba, na kulikuwa na jiko la kambi linalonisubiri Juba. Tungeondoka Jumamosi asubuhi.

Mama alijua. Nyumbani tuliongea Kiswahili cha soko, maana baba alikuwa Mjopadhola na mama ni Msamia kutoka Masinya, na hakuna aliyekubali kushindwa lugha na mwenzake. Katika Kiswahili chetu hicho tunakata maneno. Hatusemi ninakwenda, unakwenda, anakwenda. Tunasema nakwenda, basi, na mwenye kusikia atajua ni nani. Jumatatu, nilipomrudisha nyumbani kutoka kituoni na kuweka begi chini, mama aliliangalia tu akiwa kitandani.

"Nakwenda lini?" akauliza.

"Jumamosi, mama."

Akageukia ukutani.

Fundi alifika Jumanne kutoka Busia ya upande wa Kenya, mtu mrefu mwenye maneno mengi, kamba begani na gambuti miguuni. Nilimpenda mpaka nilipoziangalia zile gambuti.

"Fundi, umetoka kazi gani?"

"Kuchimba choo, sista. Futi ishirini. Kazi safi."

"Na gambuti ni hizo hizo?"

"Sasa ulitaka nichimbe choo na viatu vya harusi?"

"Na kamba?"

Akaitazama kamba yake kama mtu anayetetea mtoto. "Sista, hii kamba imetengeneza nusu ya Busia."

"Ndiyo maana naiogopa. Humu hamwingii kamba hiyo wala gambuti hizo."

Alicheka, halafu akaona sicheki. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuvuliwa viatu na mwanamke kwa ajili ya shimo. Mwishowe alivua. Nilimnawisha miguu kwa sabuni na maji ya klorini kama mtoto anayepelekwa kanisani, nikamletea kamba mpya, na nyundo na patasi zake nikazitumbukiza kwenye beseni la klorini. Wifi yangu, mke wa kaka, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa ua, alisimama na jerikeni yake akitazama yote hayo. "Wifi," aliniambia, "hata bwana harusi haoshwi hivyo."

Kipande cha boksi kilisema takataka yoyote isianguke majini. Basi tulifunga ubao kwa kamba nne, tukautandikia turubai, tukaushusha chini kidogo ya sehemu iliyopasuka, ili kila kijiwe kinachobomolewa kiangukie hapo. Fundi alibomoa akiwa ameinama kutoka juu, mimi nikivuta vifusi na kuvimwaga mbali. Saruji ilichanganywa kule chini ya mteremko. Ndoo ya kisima haikugusa ardhi, niliitundika kwenye mgomba. Kila fundi alipopumzika tulifunika mdomo kwa bati na mawe, na siku hizo mama aliishi kwa maziwa.

Na fundi alipumzika sana. Jumanne alipumzika kwa sababu ya jua. Jumatano alikuja mchana, kwa sababu alikuwa na msiba. Mimi sikuweza kutoka. Kuku walitaka kulala juu ya bati, mbuzi walitaka kulijaribu kwa kwato, watoto wa wifi walitaka kuchungulia, na wingu lolote lililotokea upande wa Busitema lilinisimamisha. Nilikaa juu ya beseni lililofudikizwa kuanzia kunapokucha hadi jua linapozama, mkononi nimeshika ncha ya kamba, na kuna wakati nilijiona kama yule mbuzi jike anayefungwa kando ya njia, anayekula majani mpaka mwisho wa kamba yake kisha anabaki kutazama wapita njia. Nimewahi kulala katika miji ambayo sikujua jina lake hadi asubuhi. Sasa dunia yangu ilikuwa hatua kumi kuzunguka shimo.

Alhamisi jioni kazi iliisha: mdomo mpya uliopanda hadi kiunoni, sakafu ya saruji yenye mteremko, mfereji wa kupeleka maji mbali na banda, na kifuniko kipya. Tulitoa ubao, nikachota na kumwaga maji yaliyoingiwa na vumbi mpaka mikono ikafa ganzi. Ijumaa mapema nilipima klorini kama nilivyoandikiwa, nikaikoroga kwenye ndoo, nikaimimina nikizungusha, na kuta nikazimwagia pia. Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja siku nzima, mchana na usiku, kisha kuchota na kumwaga hadi harufu ipungue. Nilipiga hesabu ya saa. Nikiamka mapema Jumamosi nikachota haraka, Malaba ningefika.

Wifi akaja na jerikeni.

"Usichote, wifi," nikamwambia. "Nimetia dawa kisimani."

Huko nilikotembea hayo ni maneno ya kila wiki. Mtu anapanda kwenye tangi la kambi, anapiga kelele maji yametiwa dawa, na sisi tunaendelea kumenya viazi. Sikukumbuka niko wapi. Jerikeni ya wifi ilianguka, ikabingirika mpaka kwenye mgomba.

"Umetia nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

Hapo ndipo nilipolisikia neno langu kwa masikio ya nyumbani. Kwetu dawa ya kumeza ni tembe, ya mbu ni ya mbu, lakini dawa iliyotiwa katika kisima cha mtu ni kitu kimoja tu, na anayeitia hasemi hadharani labda awe amechoka kuishi. Nilianza kueleza, klorini, muuguzi, boksi, lakini wifi alikuwa amekwisha kuwakusanya watoto wake na kurudi nyuma yao kama askari.

Kabla ya saa sita wanawake watatu walikuwa wamesimama kwenye ua wakinitazama nimekaa juu ya beseni langu. Mmoja alisema, si kwa sauti ndogo, "Huyu wa kuzunguka. Nani anajua alichotoa Juba."

Nilipoingia ndani kumpa mama tembe zake, alifumba mdomo. Chini ya kitanda nikaona jagi lililofunikwa kwa sahani. Nikalivuta. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Yalitoka bondeni, pale ng'ombe wanaposhuka. Wifi alikuwa amempelekea kwa huruma.

"Mama, umekunywa hii?"

"Bado. Nangoja takataka ikae chini."

Nilikaa pale sakafuni na jagi mapajani. Nilikuwa nimeosha miguu ya fundi, nimefukuza kuku siku nne, na neno langu moja lilikuwa limemsogeza mama karibu na taifodi ya tatu; kilichobaki ni takataka kukaa chini tu.

"Kisima ni safi, mama. Kesho utakunywa."

"Kisima iko na dawa. Umesema kwa mdomo yako."

Nilileta maji ya pampu, akayatema. Alikubali maziwa tu, na tembe akazimeza kwa maziwa, akinitazama muda wote. Nilimwaga jagi na kulificha. Siku ile nikawa na milango miwili ya kulinda, wa nyumba na wa kisima, na mimi ni mmoja. Kunywa maji yale mbele yao ili niwaonyeshe, sikuweza. Klorini ilikuwa bado kali, na ningetapika tu mbele ya mashahidi.

Jumamosi kulipokucha nilianza kuchota. Ndoo ya kumi, harufu ileile. Ndoo ya ishirini, harufu ileile. Simu ikalia. Ni dereva, kutoka Malaba.

"Dada, tumefunga turubai. Uko wapi?"

"Niko kisimani."

"Kisimani unafanya nini? Si utoke!"

"Siwezi."

"Umetumbukia?"

Nilichungulia shimoni. "Ni kama."

Alicheka, akadhani utani. Nilisikia injini ikinguruma nyuma yake, halafu simu ikakatika. Nikaishika tena kamba.

Fundi alikuja kutazama saruji yake, na bila kuambiwa akavua viatu langoni, akanawa miguu. Alipokea kamba. "Pumzika, sista. Nimesikia habari zako hadi mpakani," akasema. "Kwetu wanasema kuna mama mmoja Kiyeyi ameua kisima."

Wifi alikuwa anaanika nguo upande wake. Ni mwimbaji wa kwaya, na kila Jumamosi hufua kanzu nyeupe za kwaya nzima. Kanzu zilikuwa zinapepea pale kambani, nyeupe kuumiza macho. Nilizitazama kwa muda mrefu kabla sijajiona mjinga.

"Wifi," nikaita. "Nilikosea kusema. Sikutia dawa. Nimeosha kisima."

"Umeosha na nini?"

"Na ile maji unaosha nayo kanzu ya kwaya."

Akaacha kuanika. "Ile ya chupa?"

"Ndugu yake."

"Ile inakata pua?"

"Hiyo."

Alivuka ua taratibu, akaiinamia ndoo, akanusa. Akanusa tena. Kisha akanipiga bega kwa kofi ambalo nalisikia hadi leo. "Kweli inanuka Jumapili! Sasa kwa nini hukusema kuosha? Umetutembelea dunia yote, Kiswahili ikapotea?"

Tulichota watatu kwa zamu hadi alasiri, mpaka harufu ikabaki kama ya kanzu iliyokwisha kukauka. Tukamtoa mama nje kwenye kiti. Nilimjazia kikombe chake cha bati. Hakukipokea.

Kwetu, mtu akikuletea pombe ya mtama, yeye ndiye hunywa kwanza mbele yako, ndipo akukabidhi. Tunaita kutoa uchawi. Ni desturi ya pombe. Sijawahi kuona inafanyiwa maji.

"Toa uchawi," mama akasema.

Nikanywa. Maji yalikuwa baridi, na kwa mbali yalikuwa na saruji ndani yake. Wifi akanywa. Fundi akanywa, akasema hajawahi kunywa kazi yake mwenyewe. Mama alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akanywa chote, akafuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Iko na ladha ya duka ndani," akasema. "Lakini ni ya baba yenu."

Nilifurahi hadi macho yakalowa. Begi langu lilikuwa mlangoni, na malori hayaishi Malaba. Nilijua Jumatano kungekuwa na lingine.

Jumapili asubuhi nilimpelekea kikombe. Hakunyoosha mkono mpaka nilipoonja. Jumatatu vilevile. Jumanne niliamka mapema nikaenda Malaba kuonana na madereva, nikamwachia wifi kazi ya maji. Nilirudi jioni nikiwa nimepata nafasi. Kikombe kilikuwa juu ya kiti kando ya kitanda, kimejaa, mdudu mmoja akielea. Midomo ya mama ilikuwa imekauka kama gome.

"Wifi, nimeonja mbele yake mara tatu," akasema mke wa kaka, mikono kiunoni. "Anasema mimi si mtoto wake."

Nilimwaga yale maji, nikaenda kisimani, nikafungua kifuniko kipya, nikateremsha ndoo. Nilirudi na kikombe kilichojaa, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, kesho kuna lori."

"Nakwenda," akasema.

Sikujua kama ananiuliza, ananiruhusu, au anasema habari zake mwenyewe. Katika Kiswahili chetu neno ni hilo hilo. Alikuwa anakitazama kikombe mkononi mwangu, anangoja.

Nikanywa kwanza.