King'ora na Sahani

Kwa miaka mingi niliwafundisha wagonjwa wangu wa kisukari kufuata king'ora cha kampuni ya migodi. Kikilia asubuhi, jichome insulini, halafu ule. Mji mzima wa Kolwezi ulikisikia, hata asiye na saa. Niliona ni njia nzuri, na mpaka leo sijui nijilaumu kiasi gani.

Kisha watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaanza kufukuzwa mjini kwetu. Mgonjwa wangu mmoja, fundi wa mashine za kusagia mawe, alizaliwa hapa hapa. Nilimkuta stesheni, yeye na mkewe, juu ya magodoro yao, wakingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Nilimletea insulini ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa kibichi, isiharibiwe na joto.

"Muganga, mwangalie tata," mkewe akaniambia, akimwita mumewe tata, yaani baba. "Anatoka jasho, anasema maneno hayana kichwa."

Sukari imepanda au imeshuka? Sikuwa na kipimo.

"Tata, ulijichoma shindano ya insulini?"

"Sirene ililia, njo nikajichoma."

"Na kula?"

Akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu sawasawa akaambiwa amekosa. Kula nini? King'ora kilikuwa bado kinalia kila asubuhi. Bukari, ugali wetu, ndiyo haikuwepo.

Basi sukari ilikuwa imeshuka, lakini alikuwa bado anaweza kumeza. Tukakoroga sukari kwenye maji, akanywa kidogo kidogo. Macho yalipotulia, akacheka.

"Miaka yote unanikataza sukari, leo unaninywesha kama bibi arusi!"

"Leo ndiyo dawa, tata. Sahau sirene. Kwanza sahani ya chakula iwe mbele yako, uione kwa macho. Halafu shindano."

"Na sahani isipokuja?"

Nilimwambia apunguze insulini, asiache kabisa. Punguza kiasi gani? Nilitaja kipimo kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua.

Treni ilifika asubuhi iliyofuata, na ilipoanza kusogea king'ora kikalia. Kupitia dirishani niliuona mkono wake ukienda kwenye mfuko wa sindano, kisha ukasimama. Mkewe akampa sahani iliyofunikwa. Mume akainyanyua juu ili niione, akitabasamu.

Nilimpungia mkono. Kifuniko hakukifungua, nami sikujua kama ndani mlikuwa na kitu.